Jumbo za unga zinatusumbua kwenye kujaza na kumwaga. Tuagize za aina gani?

Stoo_Kuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Nipo upande wa stoo na manunuzi kwenye kiwanda kinachochanganya unga wa aina mbili: kalsiamu kaboneti iliyosagwa laini sana, na wanga wa mahindi. Zamani vyote vilikuwa kwenye mifuko ya kilo 25, vijana wanapasua na kumwaga. Sasa uongozi umeamua tuhamie kwenye jumbo, ile mifuko mikubwa ya kunyanyuliwa kwa foklifti, za kilo 1000. Kalsiamu tunaijaza wenyewe kwenye jengo la kinu. Wanga unakuja umeshajazwa na muuzaji, ndani ya kontena.

Jumbo za majaribio tulizoletewa zinatutesa. Ukifungua chini hakitoki kitu. Kijana anagonga pembeni kwa nyundo ya mpira, bado. Halafu ghafla unashuka wote kwa mkupuo, hopa (lile pipa la faneli linalopokea unga chini ya mfuko) inafurika, vumbi jengo zima. Mfuko ukifika nusu, ile nailoni ya ndani inateleza, inaingia kwenye mdomo na kuziba. Kwenye kujaza nako mfuko unaonekana umejaa wakati mizani haijafika hata kilo 800, opereta anaanza kuutikisa na kuukandamiza ili zitoshe. Kesho yake juu umelegea na umeinama upande mmoja.

Mezani nina bei za wauzaji watatu, zimepishana kidogo sana, na zote zimeandikwa kitu kilekile: "jumbo 90x90x120, kilo 1000, yenye mdomo juu na chini". Nichague kwa kuangalia nini?

---

Kiti_Cha_Mbele

Naweka kiti hapa. Kwetu wameshaanza kuzungumzia jumbo na hakuna anayejua anachoagiza.

---

BeiChee

Mkuu mnajisumbua bure. Chukua zenye kitako kisicho na mdomo, ni rahisi kuliko zote. Zining'inize juu ya hopa, kata chini kwa kisu, unga wote chini dakika moja. Mdomo wa nini?

---

Foklifti_Taratibu

BeiChee, kwa kokoto na mchanga sawa. Kwa unga wa kuchanganya kwa kipimo, hapana. Ukishakata huwezi kufunga tena: hopa ikijaa na kwenye mfuko zimebaki kilo 400, utazishika na nini? Nyuzi za polipropilini (plastiki ya kitambaa cha mfuko) zilizokatika zinaingia kwenye bidhaa. Na huyo anayekata mkono wake uko chini ya tani moja inayoning'inia. Kama kuna mkato, uwe wa kisu kilichofungwa kwenye fremu yenyewe, na mtu awe mbali. Mtu kuingiza mkono chini ya mzigo ulionyanyuliwa, hata kwa sekunde, mimi shifti yangu siruhusu.

---

Mzee_wa_Hopa

Stoo Kuu, hizo bei tatu ziweke kando kwanza. "Yenye mdomo" hayo si maelezo, ni sawa na hajakuambia kitu.

Kwa anayebeba mchanga, jumbo ni kifungashio tu. Kwako wewe unayetaka unga uingie bila vumbi na utoke kwa kipimo, mfuko ni kipande cha mashine. Unafungwa kwenye kichwa cha kujazia, unafungwa kwenye fremu ya kumwagia, na kila unapogusana na chuma lazima vipimo vitoke kwenye hicho chuma. Wauzaji wanakuuliza kuanzia juu: kilo ngapi, kitako kiasi gani, uchapishwe rangi gani. Mimi nachagua kuanzia chini kwenda juu. Kwanza kilichopo chini ya mfuko, halafu mdomo wa chini, halafu kitako na laina (hiyo unayoiita nailoni), halafu mwili. Mdomo wa juu na mikanda mwisho.

Kwa hiyo kabla sijasema lolote nipe haya. Mdomo wa hopa yako una kipenyo gani, na kutoka kitako cha mfuko ukiwa kwenye fremu mpaka kwenye hopa kuna nafasi kiasi gani? Unga unapita wapi baada ya hopa? Na uzito wa lita moja ya kalsiamu yako ni kiasi gani, mara ya kwanza ikiwa imemiminwa taratibu, mara ya pili baada ya chombo kugongwagongwa mezani mpaka unga uache kushuka? Chukua jagi la maabara na mizani ya jikoni, hiyo kazi haimalizi nusu saa. Usichukue namba kwenye karatasi ya muuzaji wa kinu.

---

Stoo_Kuu

Mzee shikamoo. Nimepima na kijana wa maabara.

Mdomo wa hopa: sm 25. Mdomo wa chini wa jumbo za majaribio: sm 35, tunaukunja ili uingie. Nafasi kati ya kitako na hopa ni sm 45 hivi. Baada ya hopa kuna skrubu inayopeleka kwenye mashine ya kuchanganya.

Lita moja ya kalsiamu ikimiminwa taratibu: kilo 0.62. Ikigongwagongwa: kilo 0.88.

---

Mzee_wa_Hopa

Marahaba. Hizo namba mbili zinaeleza karibu malalamiko yako yote.

Gawanya 0.88 kwa 0.62, unapata 1.42. Unga ambao jibu lake ni chini ya 1.25 unatiririka bila ubishi. Ukipita 1.4 ni unga wa kushikana, unaojenga paa juu ya mdomo na kukaa hapo. Wewe uko juu ya mstari, halafu mdomo wa sm 35 umeukunja ukawa sm 25. Hilo paa linahitaji nafasi nyembamba ili lisimame, na nyie mmelitengenezea. Nyundo inalivunja, ndipo unga uliokuwa juu unaanguka na kubeba hewa, na unga laini wenye hewa unakimbia kama maji. Skrubu haiwezi kuuzuia, unapita katikati ya mabawa yake. Hapo ndipo hopa yako inapofurika.

Sasa kimo. Mfuko wa kitako cha 90x90 ukijaa hauwi mraba tena, unatanuka hadi kukaribia duara. Mzingo wake ni sm 360, gawanya kwa pai upate kipenyo cha sm 115 hivi. Eneo lake ni karibu mita 1.03 za mraba. Kwa kimo cha sm 120 una lita 1240 hivi. Zidisha kwa 0.62: kilo 770 tu. Ndiyo maana mfuko "umejaa" kabla ya kilo 800, opereta wako hana kosa. Ili kilo 1000 zikae humo lazima unga uwe umefika kilo 0.81 kwa lita wakati unajazwa, na hautafika wenyewe.

Wengi wakiona hivyo wanaagiza mfuko mrefu zaidi. Kilo 1000 kwa 0.62 zinahitaji sm 156. Ukizijaza, usiku hewa inatoka, unga unashuka mpaka sm 110, na juu zinabaki sm 46 za kitambaa kilicholegea. Mfuko wa namna hiyo ndio unaoinama, na ukiubebesha mwenzake juu unalala. Kanuni tunayoifuata ni kimo cha mfuko uliojaa kisizidi mara mbili ya upana mdogo wa kitako, lakini kwa unga wenye hewa hata mara moja na nusu inanitia wasiwasi.

Dawa ni kuitoa hewa wakati wa kujaza. Nitarudi kwenye hilo, sasa hivi nina kazi.

---

Kiti_Cha_Mbele

Kumbe ni hesabu ya darasa la saba. Pai hatimaye imepata kazi.

---

Bi_Mizani

Niongeze kwenye "kutoka kwa kipimo" maana naona watu wanategemea mfuko ufanye kazi isiyo yake.

Mfuko haupimi. Vali inayoubana mdomo haipimi. Kinachopima ni kilichopo chini: skrubu, au vali ya kuzunguka, ikiwa juu yake kuna hopa ndogo yenye unga wa kutosha muda wote. Kazi ya mfuko ni kuijaza hiyo hopa bila kuikatia na bila kuifurisha. Weka kipima kimo cha juu na cha chini kwenye hopa, kiwashe na kuzima mabamba ya kukandakanda mfuko kufuatana na kiwango. Hapo skrubu inaona uzito uleule juu yake kila wakati na kipimo kinatulia.

Wengine wanaiweka fremu nzima juu ya mizani na kupima kilichopungua kwenye mfuko. Inawezekana, lakini jueni mambo mawili. Mabamba yakiwa yanasukuma mfuko mizani inacheza, kwa hiyo yasimamishwe kabla ya kusoma. Na ukishafunga, bado kuna unga ulioko njiani haujafika, kwa hiyo malizia kwa mwendo mdogo. Kwa mchanganyiko mmoja wa kilo 300 haina neno. Kama unataka kilo 4 za kiambato kutoka kwenye fremu iliyobeba tani nzima, tafuta mizani nyingine.

---

Stoo_Kuu

Bi Mizani asante. Hopa yetu haina kipima kimo, opereta anachungulia kwa tochi. Nitalipeleka kwa meneja wa matengenezo.

---

Mzee_wa_Hopa

Nimerudi. Nianze na mdomo wa chini.

Kwa unga wako mdomo wa hopa upanuliwe hadi sm 40, na mdomo wa mfuko uwe sm 40. Usikunje tena. Urefu wa mdomo utoke kwenye ile sm 45 uliyopima: lazima ufike kwenye pete ya kubania na ubaki kidogo wa kushika, lakini usiwe mrefu kiasi cha kujikunja ndani ya hopa. Kama muuzaji anasema "mdomo wetu wote ni sm 50", basi fremu isogezwe au atafutwe mwingine.

Juu ya hopa weka vali ya irisi, ile inayoubana mdomo kwa nje kutoka pande zote. Utaratibu ni huu: mfuko unashushwa, mdomo unapitishwa kwenye vali ikiwa wazi, vali inafungwa, ncha ya mdomo inabanwa kwenye pete, ndipo kamba inafunguliwa kupitia mlango wa pembeni. Unga unashuka mpaka kwenye vali, unaufungulia taratibu. Ukitaka kutoa mfuko wenye nusu, unabana vali, unafunga kamba, basi. Kamba peke yake haizuii unga ulioanza kutembea.

Kitako: mdomo uwe na kifuniko cha juu yake, ama zile pembe nne zinazokunjwa na kufungwa katikati, ama kitambaa cha kukaza kwa kamba. Bila hicho mdomo uliokunjwa unasagika kwenye paleti. Kitako cha umbo la faneli kinasaidia unga wa mwisho utoke pembeni, ila ni ghali na mfuko unakaa vibaya sakafuni. Kwako ningeanza na kitako bapa na fremu yenye mabamba yanayosukuma pande za chini. Kitako kinachofunguka chote sahau, huo ni mkupuo wa makusudi.

Laina. Hiyo inayoteleza ni mrija wa kawaida uliotupiwa ndani bila kushikizwa. Mfuko ukipungua, unga unaivuta chini. Agiza laina iliyokatwa kwa umbo la mfuko, yenye midomo yake juu na chini, na iwe imeshonewa kwenye mshono wa juu au kugundishwa kwa vipande kwenye kuta. Unene tunaotumia sana ni kati ya maikroni 70 na 100. Nyembamba zaidi inachanika kwenye pete, nene sana inajikunja na kutengeneza mifuko midogo inayobakiza unga. Na mikanda ya fremu ining'inie kwenye springi, ili mfuko ukipungua unyooke juu, mikunjo ya chini ijifute yenyewe.

Lakini jiulize kama kalsiamu inayokwenda jengo la pili tu inahitaji laina kweli. Kitambaa kilichopakwa plastiki upande wa ndani, pamoja na mishono iliyowekewa kamba nene ya kuziba matundu ya sindano, kinazuia vumbi vizuri. Laina inahitajika kama unga unavuta unyevu, kama ni wa chakula, au kama ni laini kiasi cha kupita hata hapo. Kila laina unayoiondoa ni kitu kimoja kisichoweza kuziba mdomo.

---

Ethi_Kwanza

Mzee umeongea yote mazuri, ila hujagusa wanga. Wanga wa mahindi ukiwa vumbi hewani unalipuka. Na unga ukishuka kwenye mfuko wa plastiki unazalisha chaji za umeme zinazoweza kutoa cheche, hilo halina mjadala.

Kiwango cha kimataifa ni IEC 61340-4-4. Kinagawa mifuko aina nne. A ni polipropilini ya kawaida, haina kinga yoyote, usiitumie penye vumbi la kulipuka wala mvuke unaowaka. B kitambaa chake hakihimili zaidi ya volti 6000 kabla ya kupitisha umeme, kwa hiyo ile cheche kubwa ya kusambaa juu ya kitambaa haijengeki. Inafaa kwa vumbi linalohitaji cheche yenye nishati ya zaidi ya milijuli 3 ili kuwaka, lakini haifai kabisa penye mvuke au gesi. C ina nyuzi za kupitisha umeme zilizounganishwa zote, na LAZIMA ifungwe waya wa ethi (wa kupeleka chaji ardhini) wakati wa kujaza na wakati wa kumwaga. D haifungwi waya, inaitoa chaji kidogo kidogo hewani kwa nyuzi maalumu, lakini watu na vyuma vyote vilivyo karibu vinatakiwa viwe vimeunganishwa na ardhi.

Stoo Kuu, angalia lebo za hizo za majaribio. Kama hazina herufi, zihesabu ni A.

---

Stoo_Kuu

Nimekwenda kuangalia. Hazina herufi. Za wanga zina B na laina ndani. Kwa hiyo kalsiamu ikae kwenye A maana haiwaki, na wanga B?

---

Ethi_Kwanza

Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Aina ya mfuko haichaguliwi kwa unga uliomo peke yake, inachaguliwa na kwa hewa iliyouzunguka. Kalsiamu haiwaki, kweli. Lakini kama unaimwaga mita mbili kutoka kwenye hopa ya wanga, na wewe mwenyewe umesema vumbi linajaa jengo zima, basi mfuko wa A wa kalsiamu unatoa cheche ndani ya vumbi la wanga. Chumba cha kumwagia ni kimoja?

---

Stoo_Kuu

Kimoja. Hopa zimepakana.

---

Ethi_Kwanza

Basi A itoke kwenye hicho chumba. Mwombe muuzaji wa wanga karatasi ya usalama inayoonyesha nishati ndogo kabisa inayoweza kuwasha vumbi la huo wanga. Ikiwa iko juu ya milijuli 3, na hakuna kiyeyushi wala mvuke unaowaka humo ndani, B inatosha kwa zote mbili. Kama siku moja mtaleta salfa au unga laini wa alumini, tunaanza upya, hizo zinaweza kuwashwa na cheche ndogo sana.

Na laina nayo ina herufi yake. L1, L2, L3, kwa jinsi inavyopitisha umeme: L1 zaidi, L3 kidogo kabisa. Mfuko wa B unakubali L2 na L3. C inakubali L1 na L2. D inakubali L2 tu. Ukinunua mfuko wa C wa gharama halafu ndani ukaweka laina ya kawaida ya dukani, umelipia nyuzi ambazo unga hauzigusi.

---

Kiti_Cha_Mbele

Swali la mjinga: kwa nini wote wasichukue D tu? Haina waya wa kusahau.

---

Mzee_wa_Hopa

Si swali la mjinga, hata mimi na Ethi hatukubaliani hapo. Mimi napenda C. Waya unaonekana. Unaweza kuunganisha fremu isiruhusu vali kufunguka mpaka ethi isomeke, na opereta hawezi kuizunguka.

---

Ethi_Kwanza

Kwenye karatasi sawa Mzee. Kwenye sakafu nimeona klipu ya ethi imebanwa kwenye mkanda usio na nyuzi, na nyingine imebanwa kwenye bomba la maji lililopakwa rangi. C isiyo na ethi ni mbaya kuliko A, maana mfuko mzima unakuwa chuma kilichoshika chaji na kinaweza kuitoa yote kwa mpigo mmoja. Kama fremu ina huo mfumo wa kuzuia, nachukua C. Kama haina, nachukua D na viatu sahihi kwa kila anayeingia. Ila D ichafuke grisi au ilowe, usiiamini.

---

Mzee_wa_Hopa

Hapo tumekutana. Stoo Kuu kwa sasa B inamtosha, tusimchanganye.

Sasa kujaza, nilikuwa nimeahidi.

Mfuko uning'inizwe kwa mikanda minne, mdomo wa juu uvalishwe kwenye kichwa cha kujazia na mpira wa kuvimba uubane. Feni iupulizie kwanza mpaka kona za chini zifunguke na laina ishike kwenye kuta. Watu wanairuka hatua hii kwa haraka. Laina iliyokunjika kwenye kona haitafunguka tena ikishabeba unga, na kule kwenye kumwaga ndiko kunakobaki kilo zako.

Unga ukiingia, hewa sawa na ujazo wake lazima itoke. Kitambaa kilichopakwa hakipumui, kwa hiyo itoke kupitia kichwa hichohicho, kwenye bomba la nje linalokwenda kwenye filta. Bomba likiwa dogo, hewa inatafuta njia kwenye mshono na unaona moshi mweupe pembeni.

Sakafu ya kutikisa chini ya mfuko ndiyo itakayokufikisha kwenye ile 0.81. Lakini usiiache ikitikisa mwanzo hadi mwisho. Itikise kwa vipindi, unga ukifika theluthi, theluthi mbili, na karibu na mwisho, kitako kikiwa kimeegemea sakafu, mikanda isibebe mtikiso wote. Hapa kujaza na kumwaga vinagombana: ukitikisa kidogo mfuko unainama, ukitikisa sana unga unashikana na hautoki. Unataka hewa itoke, hutaki kuubana unga. Ndiyo maana ningeongeza kimo hadi sm 130. Hapo unahitaji kufika 0.75 tu, unaacha nafasi ya kupumua pande zote mbili.

Kwa uzito: mwendo mkubwa mpaka asilimia 90 au 95, halafu mwendo mdogo umalizie.

---

Foklifti_Taratibu

Nami nisemee la kwangu. Hizo za wanga zinazokuja kwenye kontena, kitako chake ni ngapi?

---

Stoo_Kuu

95x95. Na zinakuja zimebanana, tunazing'oa kwa shida. Mbili zilichanika ubavuni.

---

Foklifti_Taratibu

Piga ileile hesabu ya Mzee. 95 mara nne ni 380, gawa kwa pai ni sm 121. Mbili zikikaa sambamba ni sm 242. Upana wa ndani wa kontena la kawaida ni sm 235 hivi. Wanazisukuma kwa foklifti mpaka ziingie, nyie mnazichana mkizitoa. 90x90 ni sm 230, zinaingia kwa tabu tabu. Mwambieni muuzaji atumie zenye kuta za ndani za kushikilia pembe, zinabaki karibu na mraba na kontena linabeba zaidi.

Na meno ya foklifti yawe na kingo za mviringo au yavishwe mpira. Mikanda inyooke wima, usinyanyue kwa mikanda miwili wala kwa mmoja, usiukokote.

---

Mzee_wa_Hopa

Sahihi kwa wanga. Kwa kalsiamu kuta za ndani sitaki: unga wa kushikana unaning'inia kwenye zile kona nne na mabamba hayazifikii. Na haiendi mbali, ya nini.

---

BeiChee

Haya nimewaelewa, kisu nimekiweka chini. Lakini jumbo moja naweza kuitumia mara ngapi? Maana kama ni kwenda jengo la pili na kurudi...

---

Foklifti_Taratibu

Soma lebo. Ukiona 5:1 ni ya safari moja: kitambaa kimejaribiwa kubeba mara tano ya uzito ulioandikwa, lakini kwa matumizi ya mara moja. 6:1 ndiyo imetengenezwa kurudiwa, na kwenye majaribio inanyanyuliwa mara 70 kwa mzigo mara nne kabla ya ule wa mara sita. Hata hiyo inakaguliwa kila mara: mikanda, mishono, kitako, na jua. Polipropilini iliyoachwa juani inaoza kimyakimya, ukiona kitambaa kinatoa unga mweupe ukikisugua kwa kidole, tupa. Na usiibadilishie bidhaa.

---

Stoo_Kuu

Wakuu, hii ndiyo rasimu ya oda ya kalsiamu. Chaneni.

Kilo 1000, 6:1, aina B kwa IEC 61340-4-4 na herufi iandikwe kwenye lebo. Kitako 90x90, kimo 130. Kitambaa kilichopakwa ndani, mishono yenye kamba ya kuzuia vumbi, bila laina, bila kuta za ndani. Mdomo wa chini kipenyo sm 40, urefu kulingana na mchoro wa fremu tunaouambatanisha, kifuniko cha kukaza kwa kamba. Mdomo wa juu kipenyo sm 40. Mikanda ya pembeni minne.

Kwa upande wetu: mdomo wa hopa unapanuliwa, vali ya irisi, vipima kimo, na feni kwenye kichwa cha kujazia.

---

Mzee_wa_Hopa

Mdomo wa juu usiandike 40 kwa kunakili wa chini. Nenda kapime kichwa cha kujazia, mdomo uzidi kidogo tu ili mpira wa kuvimba uujaze bila mikunjo. Na urefu wa mikanda inayosimama juu ya mfuko uandike, pima kutoka kwenye ndoano za fremu yako. Mfuko wa sm 130 kwenye fremu iliyotengenezwa kwa 120 unaweza kukuta kitako kinagusa vali.

---

Stoo_Kuu

Nimepima. Kichwa ni sm 36, naandika mdomo 38. Fremu ina matundu ya kupandisha ndoano, inatosha.

Muuzaji mmoja kati ya wale watatu ameomba mchoro wa fremu na ametuma wa kwake wenye vipimo vyote. Wengine wawili wamerudisha bei ileile ya mwanzo. Naomba sampuli tano kwa huyo wa mchoro, zikifika tunajaribu siku hiyohiyo.

---

Mzee_wa_Hopa

Siku hiyohiyo jaribu kujaza tu. Kumwaga subiri. Mifuko yenu huwa inakaa stoo muda gani kabla ya kutumika?

---

Stoo_Kuu

Wiki mbili, wakati mwingine tatu. Na huwa tunabebesha miwili kwa kimo.

---

Mzee_wa_Hopa

Basi jaza zote tano. Mbili ziwekee mifuko mingine juu, ziache wiki tatu, ndizo utakazofungua mbele ya muuzaji. Na meneja wa matengenezo awepo, asije akasema hakuambiwa.

---

Kiti_Cha_Mbele

Stoo Kuu ukifungua hizo mbili utu-tag. Kiti sikiondoi.